Stuli za Mama Lenox

"Toa stuli yako kwa mlango yangu, Mama Lenox! Hii ni mara ya tatu wiki hii!"

"Si mimi nimeileta, Shiru."

"Kwani imejileta?"

"Imejileta."

Hilo Shiru hakulibishia. Ploti nzima ya wapangaji pale Mutuini ilikuwa imeshaziona stuli zikitembea. Alichokataa ni hii ya Mama Lenox kuchagua mlango wake, naye ana tumbo la miezi saba.

"Basi iambie ikae mbali. Niko na mtoto huku."

Lornah, ambaye ploti ilimwita kwa jina la mwanawe aliyekuwa kazini Kisumu, aliibeba stuli akairudisha nyumbani. Haikumpinga. Kesho yake saa saba ilitoka tena.

Stuli za wageni zilikuwa sita, za miguu mitatu, na kila moja ilikuwa na mtu wake. Kwa miaka tisa Lornah hakuwa amekula peke yake. Ugali wa watu wawili uliliwa na saba, na hakuna udaku uliopita ploti ile bila kupumzika kwanza mezani kwake. Halafu mwaka 2006 hospitali ilimkuta na saratani ya damu, ikampa vidonge vya kumeza nyumbani. Kimoja kwa siku, saa ile ile, na chakula cha kushiba na glasi kubwa ya maji. Asikivunje, asikisage. Akitapika, asimeze kingine hadi siku ya pili. Na mtu yeyote wa kumsaidia kukishika avae glavu.

"Ugonjwa wenyewe hauambukizi, mama," sista alimwambia. "Ni dawa ndiyo kali. Waambie majirani."

Aliwaambia, wakaitikia kwa vichwa.

Vidole vya Lornah vilikuwa vimevimba, na kifuniko cha ile chupa kilitaka kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja. Kwa hiyo Shiru alikuja kila siku saa saba, akavaa glavu, akafungua, akamtolea kidonge, akanawa, wakala. Glavu zilikuwa za kuvaa mara moja na kutupa, lakini Lornah hakulelewa kutupa kitu kizima. Alizifua, akazianika kambani katikati ya leso zake. Vidole kumi vyeupe viliipungia ploti mkono wiki nzima.

Siku Shiru alipomnong'oneza kwamba ana mimba, Lornah alimkumbatia, kisha akamvua glavu kwa mikono yake mwenyewe.

"Kuanzia leo usiguse hii chupa, hata na glavu. Itaumiza mtoto."

Alisema kwa mapenzi. Shiru alipofika bombani na ndoo yake, aliyaweka maneno hayo kando ya zile glavu za kambani, na walio kwenye foleni wakamsaidia kujumlisha: ugonjwa unaambukiza. Kesho yake saa saba hakuja mtu.

Lornah alijifunza kuibana chupa katikati ya magoti. Kula peke yake ndiko kulikomshinda. Tonge liligoma kooni, kidonge kikateremka kwenye tumbo tupu, kikarudi. Alitii, hakumeza kingine. Mwezi ule alipoteza siku kumi na moja za dawa, na sista alipoisoma karatasi ya damu yake aliisoma mara mbili.

"Ukiendelea hivi, mama, dawa itashindwa."

Siku iliyofuata ndipo stuli zilipoanza kutoka, moja moja, kila moja hadi mlango wa aliyekuwa akiikalia. Zilisimama zikingoja. Saa nane zilirudi.

Majirani walizizoea. Kihara alianika soksi juu ya yake. Mama wa nyumba namba tano aliipangusa yake kwa Jik ya kuua viini, akaketi juu yake kuchambua mboga. Hakuna aliyeifuata stuli ikirudi.

Shiru alijifungua msichana. Ijumaa moja ya Agosti, Lornah alipomaliza kupakua, stuli ya saba, aliyokuwa akiikalia mwenyewe, ilitoka pia. Alichukua sahani, kidonge na maji, akaifuata. Ilisimama mlangoni pa Shiru kando ya mwenzake. Akaketi.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Ndani Shiru alikuwa akimsimulia mtoto jinsi mke wa landilodi alivyomfuma mumewe huko Kangemi na mke wa pili, wananunua sofa. Lornah alicheka kidogo. Bila kujua, alikuwa amemaliza nusu ya ugali. Akameza kidonge, akanywa glasi nzima, akangoja. Kilikaa.

"Nani huyo?" Shiru aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi. Leo kimekaa."

"Ni poa, Mama Lenox."

Pazia halikutikisika. Mbithe wa nyumba ya mwisho alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Hapo mkono wa Shiru ukatokea, ukalisogeza pazia pembeni, ukamwashiria Mbithe. Mbithe akaitua ndoo, akatazama kizingiti, akatazama miguu ya Lornah iliyokizuia. Lornah akaikunja ampishe.

"Mbithe! Unapita tu kama mgeni?" Shiru aliita. "Ingia tukule, ugali bado iko moto."