Jagi la Mama Mkwe

Jamani, mti unaotunzwa vizuri unakufaje? Mshonaji alichuchumaa mbele ya mche wake wa mlimau, akaokota jani la tatu tangu asubuhi, njano tupu. Mche huo ulijiotea chini ya mlimau wa marehemu mama yake. Nyumba ya mama ilipouzwa na ua ukamwagiwa zege, ndicho kitu pekee alichowahi kuking'oa akaja nacho. Ukifa huu, basi tena.

Muuza miche alimwambia atie nusu ndoo kila siku ya tatu, asizidishe. Hakuzidisha hata tone. Akamwita aje ajionee.

Yule bwana alichomeka kidole udongoni, kikatoka na tope. "Dada, huu unazama! Mizizi inaoza."

"Mara ya mwisho nimemwagilia juzi!"

"Labda wewe. Waulize wenzio."

Wenzio gani? Mumewe alikuwa safarini mwezi mzima. Nyumbani walibaki yeye na mama mkwe, na mama mkwe na marehemu walikuwa paka na panya tangu siku ya harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, hasira zikampanda. Lakini mwenye nia ya kuua mti si angeumwagia chumvi? Hakuelewa kitu.

Kesho yake akajidai anakwenda kununua nyuzi, akarudi kwa mlango wa nyuma. Akamkuta bibi mzima amepiga magoti, jagi mkononi, anamimina maji polepole kama anayenywesha mgonjwa.

"Mama! Unafanya nini?"

Bibi akageuka. "Nautilia maji kila siku, wewe ukiwa kwenye cherehani." Akaugusa mche. "Mama yako alilala kitandani miezi minne, mwanangu. Nyumba ya pili tu kutoka hapa. Sikumpelekea hata glasi ya maji."

Mshonaji alikuwa amekuja na maneno yake makali. Acheke? Alie? Amwambieje kwamba toba yake ndiyo inayouozesha mti?

Akalipokea jagi taratibu. "Mti umekunywa ya kutosha, Mama. Sasa tuuache. Udongo ukikauka, utamwagilia wewe."

Asubuhi ya pili yake alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya mche, mikono mitupu mapajani.

"Kukaa tu ni kazi ngumu," bibi akasema.

Mshonaji akaingia ndani, akaleta kigoda cha pili.