Mama Wawili wa Shufaa

Biubwa alipopata nafasi ya kwenda Uhispania kufukua makaburi ya kale, alifurahi, kisha akamkumbuka mwanawe Shufaa. Mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Baba yake yuko Durban kikazi, na kwao Zanzibar ni mbali.

Jeannine, fundi cherehani kutoka Bukavu waliyepakana naye vyumba kule Yeoville, mtaa wa wahamiaji, hakungoja kuombwa.

"Enda tu, Mama Shufaa. Batoto ni batatu tayari kwangu. Uyu hatanishinda."

Basi Juni ile ya 2017 Biubwa akawa juani, kusini mwa Uhispania, akipangusa mchanga kwa brashi. Wafoinike walifanya biashara pwani ile kabla Warumi hawajaitawala, na watoto wao waliokufa wakiwa wachanga waliwazika ndani ya mitungi. Katika mtungi mmoja walikuta mifupa ya mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, na ubavuni mwake kichombo cha udongo chenye mdomo mwembamba, cha kumnyweshea maziwa. Wenzake wakapiga picha. Yeye alijitenga, akampigia simu Jeannine.

"Mtoto hajambo?"

"Iko muzima. Fanya kazi yako."

Aliporudi mwezi uliofuata, Shufaa alimkodolea macho, kisha akajificha nyuma ya kitenge cha Jeannine na kumwita, "Maman."

Jeannine aliona haya. "Kuna kitu nilikuficha," alisema. "Ile siku ulipiga, tulikuwa hospitali. Baridi ilimuingia mu mapafu. Docteur alikuwa ameshasema atapona, nikaona nikikuambia utaacha yote urudi."

Hasira ilimpanda Biubwa. Lakini alipomtazama mwanawe, mashavu yamejaa, nywele zimesukwa vizuri, haikupata pa kutokea. Mtu mwengine alikuwa amembebea hofu yake yote, peke yake, huku akishona nguo za watu. Akakaa chini pembeni mwa cherehani, akalia.

"Ahsante, dada. Sijui nikulipe nini."

"Unilipe nini? Kula kwanza."

Wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo. Biubwa hakumvuta mtoto; alimwacha aje kwa wakati wake. Sahani zilipoondolewa, Shufaa alimsogelea pole pole, akampandia mapajani, mkono mmoja bado umeng'ang'ania kitenge cha Jeannine. Hakuna aliyejaribu kuuachisha. Jeannine akasogeza kiti karibu.