Tawi la Tai

Greta Zielinski alikuwa ameshakata jani la mwisho la tawi la mzeituni alipogundua kosa lake.

Kwa miaka mingi alichonga sura za sarafu katika karakana moja ya Filadelfia. Mara nyingi alichonga ndani ya kalibu ya kumwagia plasta, ambamo kila kitu hukaa kinyume: kulia huwa kushoto, na maandishi husomeka kwa nyuma. Ndiyo maana alitundika kioo ukutani, akawa haamini kazi yake mpaka aione humo. Asubuhi hiyo aliitazama kazi kwenye kioo kama kawaida, akaona tai ameshika tawi la mzeituni, lile la amani, kwa mguu wa kushoto badala ya kulia, na mishale kwa mguu mwingine. Akashika patasi, akalikata tawi jani kwa jani.

Kumbe hii haikuwa kalibu. Ilikuwa plasta yenyewe, iliyokwisha kumwagwa na kukauka. Kioo ndicho kilichompindua; tai alikuwa sawa tangu mwanzo.

Sasa tai alibaki na mishale tu. Na kamati ya kuchagua mchoro wa robo dola mpya ilikuwa inakuja baada ya chakula cha mchana.

"Dada Greta, umemnyang'anya ndege wa watu amani yake," alisema Alonzo, mmwagaji wa plasta, akiinama juu ya meza.

"Usinichekeshe."

"Waambie ndivyo ulivyokusudia. Sema ni sanaa. Wale wakiambiwa kitu ni sanaa, wanatikisa vichwa tu."

"Tai mwenye mishale mitupu? Nchi nzima itembee naye mfukoni?"

Alonzo akasogeza bakuli la nta ya kijani ya kufinyangia.

Greta akafinyanga tawi jipya. Jani moja likaanguka, akaliokota na kulibandika upya. Viatu viliposikika ngazini, tawi lilikuwa limeshika, ila lilikuwa la kijani juu ya tai mweupe, kama kiraka cha kitambaa kingine.

"Acha mimi niseme ni rangi ya majaribio," Alonzo alinong'ona.

"Hapana, kaka. Nitasema mwenyewe."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Haverford, alivaa miwani, akamtazama tai.

"Mbona tawi lina rangi nyingine?"

"La plasta nililikata kwa makosa, bwana. Leo asubuhi. Nilidhani natazama kalibu."

Mmoja wa wajumbe akakohoa. Haverford akanyoosha kidole kugusa jani, nalo likabonyea, likabaki na alama ya kidole chake. Akaurudisha mkono haraka.

"Samahani. Sasa tumeharibu wote wawili." Akawatazama wenzake, kisha akamrudia Greta. "Tai mwenye tawi la nta hatuwezi kumpigia kura. Ijumaa unaweza kutuletea la plasta?"

Greta akalibandua jani lililobonyea.

"Naweza," akasema.