Wanga wa Halua

Asubuhi ya harusi ya mjukuu wake, Bi Mwamvua aliamka na furaha mpaka akajifunga kanga nje ndani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Kijakazi, mjukuu mwenyewe, alikuwa chumbani amepakwa hina mikono na miguu, hawezi kushika kitu. Alikuwa anacheka peke yake. Ukimuuliza unacheka nini, anazidi. Alimpenda Idarusi, kijana wa Pangani, na Idarusi alimpenda yeye, na jambo hilo lilikuwa limewafanya wote wawili kuwa kama watoto waliokula sukari mbichi.

Uani jiko lilikwisha washwa. Sufuria kubwa la shaba lilikaa juu ya mafiga, na kando yake mwiko mrefu kama kasia. Leo kunapikwa halua. Pilau huwashibisha watu, lakini kwa watu wa Tanga halua ndiyo inayowaambia kwamba wamepokewa. Sheikh akishaozesha, sinia hupitishwa, kila mtu humega kipande chake, kahawa chungu hufuata, na hapo ndipo jamaa mbili huwa moja. Harusi isiyo na halua huzungumzwa Ngamiani yote, tena kwa miaka.

Na Bi Mwatumu, shangazi wa Idarusi, alikuwa amesema mapema. Yeye ndiye aliyemlea kijana tangu alipofiwa na mama, na neno lake nyumbani kwao halikupingwa. Siku ya posa alikataa hata kuagiza mengi.

"Sisi watu wa Pangani hatuna makuu," alisema. "Halua tu. Lakini iwe halua."

Akatazama dari, na kila mtu akaelewa.

Basi Bi Mwamvua alikuwa ameloweka wanga wake tangu alfajiri, mweupe, laini, kwenye beseni la bati. Aliingia ndani kidogo tu kumlisha Kijakazi uji, kwa kuwa mtoto mwenyewe hana mikono. Aliporudi, mbuzi wa pilau alikuwa amekata kamba. Amesimama juu ya beseni, ndevu zote nyeupe kama mzee wa kanzu, analamba mabaki.

"Yarabi! Kauramba wote!"

Kelele ile ilimleta jirani yake, Dorkasi, mbio. Huyu alikuwa mke wa Abrahamu, mfanyakazi wa bandarini, wote wawili Walutheri wa huko Ubena, bara. Walikuja pwani kwa kazi za mkonge, kisha wakahamia mjini, nao walikuwa na miezi michache tu katika mtaa ule. Dorkasi alikuwa mwanamke wa roho safi, na Kiswahili chake kilikuwa kinakua vizuri, ila kila neno lililoanza na "w" alilifanya watu. Wali kwake walikuwa "wamepoa". Wembe walikuwa "wamemkata". Wanawake wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Mwamvua hakucheka hata siku moja. Dorkasi akimwambia wali wamepoa, humjibu, "Waache, mwanangu, tutawapasha moto."

"Shikamoo Bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Mbuzi kanimalizia wanga, na akdi ni baada ya alasiri! Halua yenyewe ukiharakisha ni kazi ya tangu sasa mpaka hiyo alasiri."

"Mimi nakwenda dukani kwa Haji," alisema Dorkasi. "Usiondoke kwenye moto, Bibi."

Akatoka mbio, viatu mkononi.

Yaliyotokea njiani Bi Mwamvua alikuja kuyasikia baadaye, tena mara nyingi, maana Haji muuza duka aliyaona yote akiwa barazani kwake, na alipenda kuyasimulia. Bi Mwatumu alikuwa amefikia kwa ndugu zake, barabara ya pili kutoka hapo. Alipomwona jirani wa Bi Mwamvua anakimbia peku, akamsimamisha.

"Kwema huko?"

"Shikamoo Mama. Si kwema! Wanga wamekwisha!"

Bi Mwatumu akashika buibui lake. Kwa watu wa pwani, ukisema wanga kama watu, ni watu wa aina moja tu, wale wachawi wanaocheza uchi makaburini.

"Wanga?"

"Wote, Mama! Walikuwa kwenye beseni wamelala tangu alfajiri. Mbuzi amekuja, amewanywa!"

"Mbuzi... amewanywa wanga?"

"Mpaka ndevu! Sasa natafuta wengine, wengi, weupe. Bibi anawangoja. Bila hao harusi haiendi!"

Akaingia dukani. Bi Mwatumu akabaki amesimama katikati ya barabara, baiskeli zikimkwepa kushoto na kulia.

Haukupita muda, mlango wa uani kwa Bi Mwamvua ukafunguliwa kwa kishindo. Bi Mwatumu aliingia na chetezo mkononi, ubani unafuka kama treni ya Moshi, anasoma dua kwa sauti. Alipomwona mbuzi na ndevu zake nyeupe, akaruka nyuma.

"Bi Mwamvua! Mtoto wangu haolewi— haoi hapa! Nyumba inafuga wanga!"

Mwiko ulimtoka Bi Mwamvua mkononi. Kicheko cha Kijakazi chumbani kikakatika, na kukatika kwake kulimuuma bibi kuliko maneno yenyewe.

"Bi Mwatumu, wanga gani?"

"Mnaowangoja! Tena mwataka weupe!"

Hapo Dorkasi akaingia, mfuko kichwani, jasho linamtiririka, uso wote unameremeta.

"Bibi! Wanga hawa hapa! Haji amenipa wazuri sana!"

Akautua mfuko mbele ya miguu ya Bi Mwatumu. Vumbi jeupe likafuka, likatua juu ya buibui jeusi. Bi Mwatumu akainama taratibu. Akachovya kidole. Akaonja.

"Wanga," alisema.

"Ndiyo, Mama. Wa halua."

Aliyeanza ni Kijakazi, huko chumbani. Kicheko kilitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa, kikampata Bi Mwamvua akakaa chini, kikampata Bi Mwatumu mwenyewe, akalazimika kukitua chetezo maana alikuwa anajimwagia makaa. Ni Dorkasi peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameelewa polepole, na macho yake yalikuwa yanajaa.

"Nimeharibu harusi," alisema, akarudi nyuma kuelekea mlangoni.

Bi Mwatumu akamwona. Akafuta machozi ya kicheko, akavua buibui, akajifunga kanga kiunoni, akauokota mwiko.

"Wee mwanamke, waenda wapi? Walete wanga wako tuwakoroge. Jua halitungoji."

Alisema "tuwakoroge" waziwazi, bila kutabasamu, na Bi Mwamvua akampenda kuanzia hapo.

Wakakoroga. Halua haitaki kuachwa hata mara moja, ukisimama inashika chini. Mmoja akichoka mwingine anapokea. Bi Mwamvua alitia samli kidogo kidogo, zafarani, iliki, kungumanga, mwisho lozi. Dorkasi alikuwa na mikono ya kukata mkonge, akavuta mwiko mpaka Bi Mwatumu akamwambia, "Polepole, utatutobolea sufuria." Samli ilipoanza kutoka pembeni na halua ikaacha kung'ang'ania, rangi yake ilikuwa kahawia inayong'aa juani, na adhana ya alasiri ikawakuta wanaipakua kwenye masinia.

Akdi ilifungwa. Vigelegele vilipasua mabati. Masinia yalirudi kutoka kwa wanaume yakiwa yamefutwa kwa vidole, na inasemekana Idarusi alimega kipande kikubwa hata sheikh akamtazama.

Uani, Bi Mwamvua alimkuta Dorkasi amekaa peke yake karibu na sufuria tupu, hataki kwenda kukaa na wageni. Alikaa naye mchangani, akakwangua ukoko wa halua, ule mgumu, mtamu kuliko wote, akamtia Dorkasi mdomoni kwa mkono wake.

"Hee! Mwala ukoko bila mimi?" Bi Mwatumu akajipenyeza katikati yao, akatia mkono sufuriani mpaka kwenye kiwiko.

"Nibakizieni!" Kijakazi alipiga kelele kutoka chumbani. "Bibi! Nibakizieni na mimi!"

"Una mume sasa," Bi Mwamvua alimjibu, mdomo umejaa. "Mwambie akukorogee yako!"