Kebo Aliyoichomoa Niruta

Kwenye sikukuu ya kila mwaka ya kuabudu mashine, swichi zote za kampuni ya intaneti pale mjini Pokhara, yale masanduku yanayoelekeza data, zilipakwa tika nyekundu, alama ya baraka, na kuvishwa mashada. Niruta Lamichhane, fundi wa mtandao, akasimama mbele ya wakubwa wa hospitali, akachomoa kebo. Picha ya video kutoka zahanati ya mlimani haikutikisika. Njia ya akiba ilishika papo hapo. Makofi yakapigwa, naye akayapokea bila haya.

Alijua alichokificha. Ukichomoa kebo kwenye swichi yenyewe, taa inazimika, na hata swichi zuzu inajua njia imekufa. Balaa ni mnara wa katikati, unaounganisha mji na mlima, ukizimika: taa ya huku inaendelea kuwaka, na njia ambayo fundi ameiandika kwa mkono ndani ya swichi inabaki palepale, ikimwaga data shimoni. Dawa yake ni swichi za pande mbili kupeana salamu bila kupumzika. Salamu zikikosa jibu, njia inafutwa, ya akiba inashika. Lakini lazima zipangwe kote kuwili. Upande wa mlimani ulikuwa wa fundi mwenzake, Kiran Pun, na Niruta alimnunia tangu Kiran alipomsahihisha mbele ya watu. Kumpigia simu aliona ni kujishusha. Msichana na akili zake zote, akapanga upande wake tu, akanyamaza.

Wiki ileile mvua ikauzima mnara. Mkunga Dilmaya alikuwa akimzalisha mama, mtoto katanguliza miguu, daktari akimwelekeza kwa picha kutoka mjini. Picha ikaganda. Mtoto alitoka hai, lakini mkono umevunjika.

Kesho yake mchana Dilmaya akampigia simu Niruta.

"Mdogo wangu, samahani. Nadhani nilibonyeza kitu."

"Dada..." Niruta alianza.

"Mikono ilikuwa na damu, nikaigusagusa ile skrini. Mama mkwe wa mzazi kanisema mbele ya kijiji kizima, eti mikono yangu ni ya kushika jembe. Nisamehe. Na daktari usimwambie, eti?"

"Usijali," Niruta akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani simu ikatike. Haikukatika, siku hiyo laini ilikuwa safi kabisa.

"Utanifundisha, basi? Sitaki kuharibu tena. Samahani sana, mdogo wangu."

"Dada, hukubonyeza kitu. Ni mimi. Kuna kazi ya huko kwenu sikuimaliza, kwa sababu sikutaka kuongea na Kiran."

Nyuma ya Dilmaya mtoto alikuwa akilia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile niliyochomoa kebo mbele ya wakubwa."

"Kwa hiyo mimi hapa nakuomba msamaha mpaka mate yananikauka," Dilmaya alisema taratibu, "na wewe unaniambia nisijali."