Simu Kwenye Kikapu

Mkufunzi alipitisha kikapu, kila mtu atumbukize simu yake. "Itakayolia, mwenye nayo ataimba," alisema, na ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Kila baada ya miaka michache sisi walimu wa ulinzi wa watoto tunaitwa kunolewa upya, utadhani visu, na safari hii mkuu wa shule alituburuta wawili, mimi na msaidizi wangu. Nilimsihi mmoja wetu abaki.

"Mtoto yuko bwenini, kuna geti, kuna matroni. Ataenda wapi?" alinijibu. "Vyeti visipotimia, wakaguzi watatutoa roho." Naye mwenyewe alikuja, akakaa meza ya mbele na soda yake.

Mtoto huyo ni binti wa kidato cha pili. Aliniambia, huku akifumua uzi wa sweta, kwamba kila likizo baba yake mdogo humwingilia chumbani. Na ndiye anayemlea. Nilimwahidi kuwa hataondoka naye tena. Taarifa tulishaipeleka ustawi wa jamii, tukawa tunasubiri, maana kusubiri ndiyo kazi yao kubwa.

Matroni hatukumwambia. Tunamwita Redio, ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana limeshafika jikoni. Siri ya mtoto ni ya wanaohusika tu, ndivyo tulivyofundishwa katika ukumbi huuhuu, na sisi watatu tuliitunza kwa majivuno.

Baada ya chai tukaambiwa tuigize. Mimi nikawa mtoto, msaidizi wangu akawa mwalimu. "Nakusikiliza, mwanangu," akaniambia kwa sauti laini, wenzetu wakampigia makofi. Kikapu kikaanza kunguruma mezani. Kikanyamaza, kikanguruma tena. Nikainuka kukiendea.

"Ah, mtoto haondoki katikati ya mazungumzo!" mkufunzi akatania. "Au unataka kutuimbia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mkuu wangu akiwa wa kwanza. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini mimi niliwaonea haya watu wazima wenzangu, nikakaa. Mungu wangu, nilikaa.

Wakati wa chakula nilikuta Redio amenipigia mpaka amechoka, kisha akaniachia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, watu wakinipita na sahani zao.

"Mwalimu wangu, nakupigia hupokei, mkuu hapokei, msaidizi wako ndiyo kabisa. Baba mdogo wa yule binti kaja kumchukua, anasema bibi yao kazidiwa. Mtoto hataki, kaning'ang'ania gauni, analia anakutaja wewe tu. Mtu mwenyewe mstaarabu, kasalimia vizuri, nami sina sababu ya kumzuia. Basi nimembembeleza mtoto mpaka kapanda gari, nimemfungia na mlango mwenyewe. Ila roho yangu haijatulia. Kuna jambo, mwalimu? Si ungeniambia tu?"