Saverio Alimgusa Mama Mkwe

Niulizeni mimi, msiwaulize watu wa Nsambya, maana wao watawaambia niliua. Sikuua mtu. Niliandika kitabu, na ndani ya kitabu hicho kuna jamaa anaitwa Saverio ambaye anaua. Tofauti hiyo mtoto wa chekechea anaijua, lakini jaribu kumweleza afande mstaafu!

Jina langu Oyet. Kazi yangu ni kupanga maneno katika duka la uchapaji mjini: kadi za harusi, ratiba za mazishi, mabango ya wachungaji. Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi hapo Nsambya, ambako Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mnubi walikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho nilichoandikia. Kitabu kinaitwa Mtaro Mwekundu. Sitaki kujisifu, lakini kina damu. Saverio ana kisu, ana gunia, ana ule mtaro wa Bwaise unaofurika kila mvua ikinyesha, na anavitumia vyote bila huruma. Nilipokuwa naandika sura ya matumbo, mimi mwenyewe nililala na taa.

Kikatoka, nikakaa kusubiri watu washtuke. Thubutu!

Wa kwanza alikuwa Rehemah, mama wa Kinubi anayeuza chai na mandazi karibu na lango la kambi. Akaanza kuwasomea wateja wake kwa sauti. Mama yule ni shetani wa biashara na ninampenda sana: kisu kikishainuliwa, anafunga kitabu na kuuliza, "Nani anaongeza chai?" Wanaongeza wote. Siku ya sura ya matumbo nilipita pale makusudi nione watu wakitapika. Nikakuta wamesimamisha usomaji kwanza ili kila mmoja apate sahani yake ya maini.

"Wallahi, Oyet, umeandika kitamu," Rehemah akaniambia. "Lakini yule mwenye duka amekufa upesi mno. Nilikuwa sijamaliza kuuza mandazi."

Moreen, mwimbaji wa kwaya kule Lubaga, alikificha ndani ya kitabu cha nyimbo akakisoma misa nzima, kisha akanitumia ujumbe mrefu wa malalamiko. Kichwa ndani ya ndoo hakikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba Pasaka ilipita humo kitabuni na Saverio hakwenda kuungama. Zubairi wa bodaboda naye, mkazi wa Bwaise, akanisimamishia pikipiki katikati ya barabara.

"Wewe ssebo, bwana mkubwa, kila uchafu Bwaise! Mafuriko Bwaise, wizi Bwaise, sasa na maiti umetuletea. Kololo kwa matajiri hakuna watu wa kuua?"

"Kololo hakuna mtaro unaofurika, Zubairi."

"Ungewachimbia!"

Hao ndio wasomaji wangu. Nilitaka kuwatoa usingizi, wakanitoa mimi jasho. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kumtisha mtu yeyote mjini Kampala, ndipo Rehemah akafika sura ya kumi.

Katika sura ya kumi Saverio anarudi nyumbani na kukuta mama wa mkewe ameliona gunia. Basi anamkaba shingo. Ni ukurasa mmoja tu, hakuna hata tone la damu. Kusema kweli, niliuweka pale ili msomaji apumzike.

Rehemah alisoma mpaka pale Saverio anaponyoosha mikono na kumshika, akakishusha kitabu. Wateja wakaweka vikombe chini.

"Amemshika?" mmoja akauliza. "Kwa mkono?"

"Kwa mikono miwili."

"Mama wa mkewe?"

"Banange!"

Labda wewe unatoka kwa watu wanaompa mama mkwe mkono na kumuuliza presha inaendeleaje. Kwetu Waacholi mama mkwe ni maro, na maro haguswi. Huli mbele yake, humkazii macho, ukikutana naye njiani unapisha kando na kuangalia nyasi. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, unatozwa mbuzi. Waganda nao wana yao ya aina hiyo hiyo. Basi watu walewale waliomsindikiza Saverio kwa chai na maini, maiti baada ya maiti, siku hiyo walisimama wakaondoka. Hata Rehemah, ambaye dini yake haimkatazi mkwe kumpa mkono mama mkwe, aliniambia ameona haya kwa niaba yetu.

"Kuua ni kuua," akasema. "Lakini kumshika, Oyet!"

Ningecheka mpaka kesho, ila wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa mchumba wa mtu. Aciro anapima watu macho kwenye duka la miwani, na ndiye mtu pekee aliyesoma kitabu changu chote kabla hakijachapwa, akacheka pale nilipotaka alie. Nampenda mpaka naona aibu kulisema. Siku ya kupeleka mahari kwao ilikuwa imeshapangwa. Kumbe mama yake naye alikuwa amejipatia nakala, na siku ile ikafutwa kwa simu moja. Aliyepiga ni afande Otema, sajenti mstaafu, baba mdogo wa Aciro na msimamizi wa familia tangu baba yake afariki.

"Njoo ujibu shtaka," akasema, akakata.

Nikaenda nimevaa shati nililoliweka kwa ajili ya harusi. Wazee wamekaa sebuleni, Otema katikati, na nyuma ya pazia la mlango wa chumba, mama mkwe. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, nikaondoa macho haraka. Kwa desturi hatukuwa tukizungumza, mimi naye. Anamwambia Otema, Otema ananiambia mimi, japokuwa sote tulikuwa hapo hapo na masikio yetu mazima.

"Unakubali kwamba ulimshika?" Otema akaanza.

"Aliyemshika ni Saverio, afande."

"Saverio yuko wapi?"

"Hayupo. Nimemtunga."

"Aliandikwa kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

Otema akawageukia wazee. "Basi mikono imepatikana."

Hapo nikachemka. "Afande, huyo mtu amechinja mwenye duka, amechinja mpangaji, amemtumbukiza mwalimu mtaroni! Mbona hao hamniulizi?"

"Hao wana ndugu zao. Watakuja wenyewe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya chini na kavu. "Muulize, sumu haikuwepo?"

"Anauliza, sumu haikuwepo?" Otema akasema.

"Nimesikia, afande."

"Hujasikia. Jibu."

"Ilikuwepo. Ndiyo aliyomtilia mwalimu kwanza."

"Mwambie najua, nimesoma mara mbili," sauti ikaendelea. "Chai ya yule mama ilikuwa mezani, ya moto, na huyo Saverio amebaki nayo peke yake. Mtu mwenye adabu angetia sumu akaenda zake. Yeye mpaka ashike? Muulize, mtu anayewaza hivyo, usiku akikasirika, ataiweka wapi mikono yake? Mtoto wangu ndiye atakayekuwa karibu."

Otema hakuyarudia hayo. Nilikuwa nimekuja kupambana na watu wajinga, nikakuta mama anayeogopa. Hasira yangu ikapungua, na kusema kweli hilo liliniudhi zaidi.

Hukumu ilitoka haraka. Nilete mbuzi, nimchinje kwa mikono yangu mwenyewe uani kwa mama mkwe, ili mikono hiyo isafishwe. Nisipoleta, hakuna binti.

"Nikileta mbuzi nimekiri kwamba mimi ni Saverio," nikasema. "Sileti!"

Nikatoka na viatu mkononi. Aciro akanifuata mpaka getini, akanisubiri nifunge kamba.

"Oyet, unataka kushinda kesi au unataka mke?"

"Nataka vyote."

"Kale, sawa. Oa kitabu," akasema, akarudi ndani.

Nikanuna. Nilinuna kazini mpaka nikapanga kadi ya harusi yenye jina la marehemu. Kwa Rehemah wateja walinikimbia, na yeye akanipa chai bila kunitania, ambalo kwake ni jambo baya sana. Haki nilikuwa nayo, tena haki yote, lakini sikuwa na mtu wa kula naye chakula cha jioni. Jumamosi nikaenda sokoni nikanunua mbuzi.

Habari zilikuwa zimetangulia. Nusu ya wasomaji wangu walikuwa wamejipanga ukutani mle uani, Rehemah amekuja na chupa yake ya chai, Zubairi ameketi juu ya pikipiki. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa jiko nyuma ya pazia, na hatua mbili mbele ya pazia sigiri inawaka, sufuria kubwa ya viazi inatokota juu yake. Otema akanipa kisu mbele ya watu kama anayenipandisha cheo.

"Fanya kama kwa mpangaji!" Zubairi akapaza sauti. "Sura ya tatu!"

Ngoja niseme jambo. Sijawahi kuchinja hata kuku. Kwetu kuku alichinjwa na dada zangu, mimi nikitumwa dukani kununua chumvi ambayo ilikuwepo. Damu yote ya Mtaro Mwekundu niliitoa kichwani, nimekaa kitini, nakunywa soda. Yule mbuzi aliniangalia kwa utulivu kabisa. Wazee wakamlaza, Otema akanionyesha mahali, nikafumba jicho moja na kupitisha kisu.

Damu ya kweli ni ya moto. Hilo sikuliandika popote kwa sababu nilikuwa silijui. Ikanirukia mkononi, ua wote ukazunguka, nikaangukia mbele, na kitu cha mwisho nilichokiona ni ile sufuria ya viazi ikija usoni kwangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Otema na wazee walikuwa wamemshika mbuzi, wakabaki wameduwaa naye. Zubairi alikuwa bado anapiga makofi. Aliyeruka ni mmoja tu, na aliruka na pazia lake begani, fimbo ya pazia ikamwangukia Rehemah.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa juu ya mapaja ya mtu. Kiganja kikavu kilikuwa kwenye paji la uso wangu, na kingine kimenishika bega. Nilitaka kufungua macho, ila nikasikia juu yangu ile sauti kavu ya nyuma ya pazia ikiguna, nikaijua, nikayafumba vizuri zaidi.

"Shemeji," Otema akasema polepole. "Umemshika."

"Nimemshika. Ulitaka achemke na viazi?"

"Shemeji, ni mkwe wako!"

"Macho ninayo."

"Kwa mikono miwili," Rehemah akaongeza, na nikasikia jinsi anavyofaidi.

Wazee wakaguna. Otema akakohoa kohoa, akatafuta sauti yake ya kazini. "Sheria ni sheria. Hapa itabidi mbuzi mwingine."

"Nitamtoa mimi, na nitamchinja mimi, maana mwenzenu huyu mmemwona. Yaani mimi nimekosa usingizi kwa ajili ya mtu huyu! Nimeficha mpaka kisu cha mkate! Aciro, leta maji. Na wewe Otema, mmalizie huyo mbuzi anateseka, kisha upange upya siku ya mahari, nisisikie neno lingine."

"Na huyu ndiye aliyetujazia maiti Bwaise?" Zubairi akauliza kwa huzuni. "Bambi, maskini!"

Hapo ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wazee wakafuta machozi, kisha wakamgeukia mbuzi, wengine wakaokota pazia, Rehemah akaanza kumimina chai. Nikajua hakuna tena anayetuangalia, na kwamba ule ulikuwa wakati mzuri wa kuzinduka kwa heshima.

Mama mkwe akainama karibu na sikio langu.

"Najua umeamka," akaninong'oneza, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Tulia hivyo hivyo, mwanangu. Nikishakuachia, sitakushika tena mpaka nife."

Nikatulia. Aciro akaja na kikombe cha maji, akatuona, akasimama pale pale akingoja.